Usiuamini Mlio wa Chungu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Soko la Santa Rita Xoctla bado lina giza upande wa wauza nyama, lakini kwenye genge la chakula la Bi Eufrosina Tlatelpa balbu inawaka na moto umeshika. Mwenyewe hapiki bado. Ameinamia sufuria tupu, anapitisha kidole ndani yake polepole, kama mtu anayetafuta mwiba mguuni mwa mtoto.

Ni sufuria ya enameli, ya bluu yenye madoa meupe. Kidole kinafika karibu na mshikio, kinasimama.

"Haya, wewe basi," anaiambia sufuria. "Kapandwe maua."

"Mama! Si tumeinunua Krismasi hii iliyopita?" anadakia bintiye, Maricruz, mikono imejaa unga wa tortila, zile chapati za mahindi.

"Na leo imebanduka. Angalia hapa, kidogo kama punje ya ufuta. Hicho kilichobanduka kimekwenda wapi? Kimeliwa. Kimeliwa na nani?"

Maricruz anaichukua sufuria na kuisukuma chini ya meza, kwenye nyingine mbili zilizokwisha kufukuzwa kazi.

Kila siku ya Mungu, kabla ya kuweka chochote motoni, Bi Eufrosina hukagua vyombo vyake kimoja kimoja. Ana miaka hamsini na tisa, na amepika sokoni hapa miaka thelathini na mmoja. Anasema miaka ishirini na minane ya hiyo alikuwa anapika bila kutazama.

Maharage yanaingia kwenye sufuria nzito ya chuma cha pua, aliyoipata kwa kuuza nguruwe wawili. Mchuzi wa nyanya za kijani, zile chachu, nao unapikwa kwenye chuma cha pua, na ukipoa unahamia kwenye bakuli la kioo. Wali anaupika kwenye alumini.

"Wali hauna ukali," anasema. "Lakini nyanya na ndimu kwenye alumini, mimi sitaki. Ukiosha unaikuta imeng'aa kama mpya, unafurahi. Kilichoitakatisha ni mchuzi, na mchuzi umeshaula."

Ukutani linaning'inia karai moja la shaba. Hilo hushuka msimu wa mapera tu, kupikia jamu. Jamu ikiiva inatoka saa ile ile. Chakula hakilali kwenye shaba.

Tortila zinachomwa juu ya kikaango bapa cha udongo mtupu, kilichopakwa chokaa kama vya bibi zake. Ndicho chombo pekee cha udongo kilichobaki hapa.

"Udongo si adui yangu," anasema. "Nimezaliwa kwenye udongo. Adui ni kile kinachong'aa."

Kweli kazaliwa kwenye udongo. Baba yake alikuwa mfinyanzi, na kaka yake, Mzee Hermelindo, ni mfinyanzi hadi leo. Ua wa kaka na ua wa dada zimetenganishwa na ukuta wa matofali unaokufika kifuani. Kila nyumba ya Xoctla ina vyungu vya Hermelindo. Nje rangi ya udongo, ndani vinang'aa kama asali. Mng'ao huo hutokana na unga mzito wa manjano, na unga huo ni risasi. Siyo ya bunduki. Ni yale madini yenyewe. Unakorogwa na maji, unapakwa ndani ya chungu, kinarudishwa tanurini. Tanuri la kuni halina moto wa kutosha kuugandisha ule unga usitoke tena. Ukimimina kitu kichachu, unatoka, taratibu, bila rangi, bila harufu.

Hakuna aliyelijua hilo. Au walioambiwa hawakusikia.

Hapa kwetu mnunuzi huchagua chungu kwa sikio. Unakigonga kwa kifundo cha kidole. Kikilia ti, kimeiva. Kikisema pu, kina ufa, mrudishie mwenyewe. Kisha unakwenda nacho nyumbani unakikomaza: unachemsha maji ya chokaa ndani yake, siku inayofuata unachemsha siki, halafu unakisugua kitako kwa kitunguu saumu. Mwanamke asiyekomaza chungu chake anaitwa mvivu na mama mkwe wake, mbele ya watu.

Bi Eufrosina hajawahi kuitwa mvivu.

Miaka mitatu iliyopita nyumba yake ilikuwa na vyungu arobaini na vitatu ukutani, kuanzia cha kupikia tamale za harusi, ile mikate ya mahindi ya kufungwa majanini, hadi kikombe cha kidole kimoja. Na ilikuwa na mjukuu, Zeltzin, binti wa Maricruz, aliyekuwa na miaka miwili na nusu. Zeltzin alikuwa amejifunza kusema mama, maji, paka, na hapana. Akaishia hapo. Watoto wa rika lake wakaanza kusema mambo marefu, yeye akabaki na maneno manne, tena akawa hataki kuyatumia. Tumbo likimuuma analala chini, kwenye saruji, anabana magoti.

"Watu wakaniambia, mtoto wa kwanza anadeka," anasema Maricruz. "Wengine wakasema umemwachisha ziwa mapema. Kila mtu alikuwa na lake."

Nesi wa zahanati, Leocadia, ndiye aliyekuja na kimashine kidogo na kumtoboa mtoto kidole. Kikasoma thelathini na moja.

Maricruz alitabasamu. "Nilidhani ni maksi," anasema, na mpaka leo akilisema hilo hakutazami usoni. "Nikamuuliza, wenzake wamepata ngapi?"

Nesi alimjibu: "Mama, ikifika tano tu mimi sina amani. Hii ni risasi iliyo kwenye damu ya mtoto. Viondoeni vyungu vinavyong'aa. Vyote. Leo."

Hapo ndipo Bi Eufrosina alipofanya kosa analolihadithia kwa kila anayesimama mbele ya meza yake, na ambalo ndilo lililofanya habari hii iandikwe.

Hakuviondoa.

"Nilivitazama pale ukutani, nikasema, hivi kweli? Mama mkwe wangu kala humo mpaka miaka themanini na minane, kafa na akili zake zote. Nikasema, kama kuna sumu, basi ni uchafu. Na uchafu wa chungu nimefundishwa unavyotolewa."

Akavikomaza upya. Siku tatu. Siku ya chokaa, siku ya siki, siku ya siki tena ili awe na uhakika. Nyumba nzima ilinuka siki mpaka kuku wakahamia kwa jirani. Akavisugua kwa kitunguu saumu, akavirudisha ukutani vikiwa vimetakata, naye moyo wake umetulia.

Na kwa kuwa nesi alisema mtoto apewe vyakula vya kuongeza damu, akawa anampikia maharage na mboga kila siku, anamkamulia ndimu juu yake. Kikombe cha Zeltzin kilikuwa kidogo, kimechorwa sungura. Maji ya ndimu yalilala ndani ya kikombe hicho usiku kucha, ayakute asubuhi.

"Mimi ndiye niliyemlisha," anasema. "Si mama yake. Mama yake alikuwa sokoni. Mimi. Akikataa, namshika kidevu."

Baada ya miezi minne kimashine kilisoma arobaini na nne.

"Mnapikia nini nyumbani?" nesi aliuliza.

Bi Eufrosina alimjibu kwa kujisifu. Alisema vyungu ni vile vile, lakini ameviosha kwa siki, siku tatu, sasa ni visafi kuliko vya padri.

Leocadia aliweka kalamu mezani. "Bi Eufro," akasema, "siki ndiyo inayoufungua ule mng'ao. Ulikuwa umejifunga kidogo. Wewe umeufungua."

Wewe unayesoma, usiseme hayo ni ya Xoctla. Siki ipo jikoni kwako, na ndimu ipo, na chombo ulichorithi kipo, unachokipenda kuliko vyote kwa sababu ya aliyekupa. Kiangalie leo. Usikigonge. Kigeuze, kitazame ndani, uliza kimepakwa nini. Aliyekuuzia asipojua, usimpikie mtoto humo.

Siku hiyo hiyo Bi Eufrosina alivishusha vyungu vyote arobaini na vitatu. Hakuuza hata kimoja, hakugawa. Alivitia kwenye magunia yaliyoloweshwa maji ili vumbi lisipae, akavivunja kwa mchi wa jiwe, akazika vigae mbali na kisima. Kila chungu kilikuwa na alama ya dole gumba kitakoni. Dole gumba la kaka yake.

Mzee Hermelindo alisikia ng'ambo ya ukuta. "Nilidhani dada anavunja vigae vya paa," anasema. "Nikachungulia. Nikaona mishikio ya vyungu vyangu."

Walichoambiana hapo ukutani majirani bado wanakikumbuka.

"Unanivunjia jina, Eufrosina! Mbele ya watu!"

"Jina lako lina miaka sitini, kaka. La huyu mtoto halijatimiza mitatu. Nianze na lipi?"

"Baba amepaka unga huu maisha yake yote!"

"Na Baba kafa mikono inatetemeka hawezi kushika kijiko. Tulisema uzee. Alikuwa na miaka arobaini na saba!"

Hawakusemezana miezi kumi na moja. Katika nyumba zinazogawana ukuta, hiyo ni kazi ngumu kuliko kufinyanga.

Sokoni nako mambo yakaharibika. Sahani alizokuwa anauza, arobaini na tano hadi hamsini kwa siku, zikashuka zikafika kumi na nane. Watu walisema maharage ya chuma cha pua hayana roho. Mpaka leo, ambapo wengi wamerudi, maneno hayajaisha. Saa moja kasoro dereva wa lori la mchanga, Filemón, anavuta benchi na kuonja.

"Bi Eufro, haya maharage yako siku hizi yana ladha ya hospitali."

"Hospitali unaijua wewe? Umelala siku ngapi?"

"Natania tu, mama yangu."

"Mimi nimelala tisa, kwenye kiti, mtoto anachomwa sindano za kuitoa hiyo risasi. Kula. Chumvi hiyo hapo."

Filemón anakula. Akimaliza anaomba sahani ya pili, na Bi Eufrosina anamwongezea ukoko wa wali bila kumtazama.

Lakini lililomuuma kuliko yote halikuwa la sokoni. Ilikuwa sikukuu.

Kila tarehe ishirini na mbili Mei mji huu unamsherehekea Mtakatifu Rita, na watu mia sita wanakula mole, mchuzi mzito wa pilipili. Kwa miaka kumi na tisa mkuu wa wapishi alikuwa Bi Eufrosina. Vyungu vikubwa hupangwa mstari mmoja uani kwa kanisa, na cha mwanzo wa mstari lazima kiwe kipya, cha udongo, kilichofinyangwa mwaka huo. Hicho ndicho chungu cha watoto. Waliobatizwa mwaka huo na wadogo wote wasiofika miaka saba huchotewa humo kabla ya mtu mzima yeyote kugusa sahani.

Mole ina pilipili, ina nyanya, inachemka kutwa nzima. Na inachotwa kwanza kwa watoto, kutoka chungu kipya, ambacho unga wake ndio kwanza umepakwa.

Mwaka juzi alikwenda kwenye kamati akasema hapiki kwenye vyungu vinavyong'aa. Wakamwambia sawa, ahsante kwa miaka kumi na tisa. Wakamchukua mpishi mwingine.

"Nilisikia fataki nikiwa nimekaa kitandani, viatu miguuni," anasema. "Nilikuwa nimevaa kabisa. Nikawa nawahesabu watoto. Wa Ofelia, wawili. Wa mwenye duka la mishumaa, mmoja. Najua majina yao yote, nimewapikia mama zao ubatizo."

Aliyemfungulia njia ya kurudi hakuwa padri wala kamati. Lilikuwa tumbo la Mzee Hermelindo. Mwezi Septemba mwaka ule ule lilimkamata akashindwa kusimama kwenye gurudumu lake, na Leocadia akamtoboa kidole. Hamsini na saba.

Mzee alitoka zahanati akaja moja kwa moja mpaka kwenye ukuta. Dada yake alikuwa anaanika nguo.

"Eufrosina."

"Nakusikia."

"Yangu imeishinda ya mtoto."

Bi Eufrosina anasema aliacha nguo chini, akapita kwa mlango wa mbele, kwa sababu ukuta ulikuwa umeshawatenganisha vya kutosha.

Tangu hapo Mzee Hermelindo ameacha unga wa manjano. Alipata unga mwingine, usio na risasi, kutoka kwa wafinyanzi wa bonde la pili. Akapaka vyungu vitatu, akavichoma. Vilitoka vizuri, vinalia ti, watu wakashangilia. Leocadia akaja na kipamba cha kupimia, kile cha manjano ambacho ukikisugua kwenye risasi hugeuka chekundu. Kikawa chekundu.

"Nilimwambia anakosea," anasema mzee. "Unga ni mpya! Nimenawa! Hata gunia ni jipya!"

Akachoma tena. Chekundu tena.

Ni mfinyanzi mmoja wa bonde lile lile aliyemweleza. Tatizo halikuwa unga. Lilikuwa tanuri. Kuta zilizochomea risasi kwa miaka zaidi ya hamsini zimeshiba. Ukiwasha moto zinaitema, inatua juu ya chungu kisicho na hatia. Na tanuri hilo lilijengwa na baba yao.

Walilibomoa wakati wa Kwaresima, kaka na dada, wamefunga vitambaa puani, wanamwagia maji kila tofali. Siku ya tatu Mzee alipolifikia tofali la mlangoni, ambalo lina alama ya dole gumba la baba yao, aliuliza kama anaweza kubaki nalo hilo moja.

"Hapana, kaka," Bi Eufrosina alimwambia.

Likazikwa na mengine.

Tanuri jipya limekwisha wiki mbili zilizopita. Ni dogo, lina kuta nene na feni ya kuuchochea moto. Kamati imesema hivi: vyungu vya wakubwa, Bi Eufrosina na apikie anachotaka, hata ndoo. Lakini cha kwanza ni cha udongo. Hermelindo akileta cha udongo kinachopita kwenye kipimo, dada yake anarudi jikoni. Asipoleta, vinatolewa vya mwaka jana.

Zimebaki siku kumi.

Saa nane mchana, genge likiwa limekwisha kuoshwa, Mzee Hermelindo anaingia sokoni amekumbatia kitu kilichofungwa shuka. Leocadia anamfuata nyuma na mkoba wake. Filemón, ambaye alipaswa kuwa barabarani, bado yupo. Wauza nyama wanakuja na visu mkononi.

Mzee anafungua shuka. Chungu ni kikubwa, mtoto anaweza kukaa ndani yake. Haking'ai kama asali. Rangi yake imefifia kidogo, kama chai ya maziwa. Anakigonga kwa kifundo cha kidole.

Ti.

"Kimeiva!" anasema mmoja wa wauza nyama.

"Mlio sio kitu," anasema Bi Eufrosina. "Nipe kile kipamba."

Leocadia anamwonyesha pa kusugua, ndani, chini, ambapo mchuzi hulala. Inabidi asugue kwa hesabu ya thelathini. Zeltzin yupo, ana miaka mitano na miezi sasa, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Mara ya mwisho kupimwa alikuwa na kumi na mbili. Nesi amewaambia ukweli: namba itaendelea kushuka, lakini yaliyokwisha kupotea kichwani huenda yasirudi yote. Anasema maneno mengi siku hizi. Hayapangi vizuri.

"Nihesabie," bibi yake anamwambia.

"Moja," anasema Zeltzin. "Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba."

Anasimama. Anamtazama bibi yake. Watu wanatazama chini.

"Anza tena, mama. Hakuna haraka."

Anaanza tena. Anafika saba. Anaanza tena. Mkono wa Bi Eufrosina haujaacha kusugua. Wakifika saba ya nne, nesi anachukua ya ishirini na tisa, na ya thelathini, kwa sauti ndogo.

Kipamba kinatolewa. Ni cha manjano.

Leocadia anakigeuza huku na huku kwenye mwanga wa mlangoni. Cha manjano. Anasema hiki peke yake hakitoshi, kigae cha chungu kilichochomwa pamoja nacho kinakwenda maabara kesho, majibu Alhamisi. Lakini anatabasamu. Mzee Hermelindo amekaa kwenye benchi na kuushika uso wake kwa mikono miwili inayotetemeka.

Bi Eufrosina hashangilii. Anakifunika chungu kwa shuka. Anasema majibu yakija mazuri, atapika, na tarehe ishirini na mbili atasimama hapo mwanzo wa mstari mwenyewe, upawa mkononi, mpaka mtoto wa mwisho ale. Mwakani anataka kaka yake awe ametoa vyungu vya namna hii kwa kila nyumba, na vile vya mng'ao wa asali vifuatwe ukutani kimoja kimoja.

"Na huyu?" anaulizwa kuhusu Zeltzin.

Anamfuta mtoto masizi shavuni kwa kidole kile kile anachokagulia sufuria.

"Huyu mwakani nataka ahesabu afike kumi," anasema.